Mchoraji wa sarakasi aliyeponzwa na glasi, si mifupa

Mama uliyeniandikia kutoka Ziba, samahani kwa kuchelewa kukujibu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Jina lako silitaji wala la kijana wako, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asitambulike, lakini jibu nalitoa hapa hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako. Msomaji mwingine aliyeshika gazeti hili leo, awe Igunga, Nzega au Tabora mjini, huenda ana mtoto kama huyo ndani na hajamwambia mtu.

Unasema kijana wako ana miaka 19. Alipokuwa shule ya msingi aliteleza mlangoni tu, paja la kushoto likavunjika. Haukupita muda mrefu likavunjika la kulia. Tangu hapo kiwiliwili kimeendelea kukua, miguu imegoma. Ndugu wa upande wa baba wanasema ni mkono wa mtu. Yeye hana habari na maneno hayo, anachojali ni kuchora. Baada ya mavuno, ngoma zinapoanza, hukaa ukingoni mwa uwanja akiwatazama Wayeye wanavyocheza na nyoka, kisha akirudi nyumbani hujaza ukuta wa jiko kwa mkaa: chatu shingoni mwa mtu, mpiga ngoma, vumbi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, ukaongeza kwamba jioni wanaume humwita kilabuni, humpa wanzuki na siku nyingine gongo ili acheze wacheke, na kwamba siku hizi asipokunywa, mikono inamtetemeka asubuhi.

Swali lako lilihusu miguu. Mimi kilichonikosesha usingizi ni hiyo sentensi ya mwisho. Naomba nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye habari zake zinafanana na za mwanao kiasi cha kushangaza.

Aliitwa Henri de Toulouse-Lautrec. Alizaliwa Novemba 24, 1864 katika mji wa Albi, kusini mwa Ufaransa, wakati ambao huku kwetu misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilikuwa ikitoka Unyanyembe na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila, wenye majumba ya mawe, mashamba na farasi wa kuwindia. Mtoto huyu alikula vizuri na alikuwa na madaktari wa kumwita nyumbani. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo watakaokuambia kijana wako amevunjika kwa kuwa ulimlisha vibaya. Ni kweli lishe duni hudhoofisha mifupa, na matege ni ugonjwa halisi, lakini si kila mfupa unaovunjika ni kosa la mpishi.

Mei 1878, Henri akiwa na miaka 13, aliinuka kwenye kiti kifupi, akateleza, paja la kushoto likavunjika. Mwaka uliofuata alikuwa akitembea na mama yake karibu na Barèges, mji wa milimani wenye maji ya moto ambayo watu waliyaendea kwa tiba. Akaanguka kwenye kijikorongo kikavu, likavunjika la kulia. Mifupa iliunga, miguu haikurefuka tena. Alipokuwa mtu mzima alikuwa na kifua na kichwa cha mwanamume kamili juu ya miguu ya mtoto, na urefu wake haukufika futi tano. Alitembea kwa bakora, akiyumba.

Baba yake aliishi kwa ajili ya farasi na uwindaji. Mtoto asiyeweza kupanda farasi hakujua amfanyie nini. Aliyebaki naye ni mama, Adèle, aliyekaa kando ya kitanda miezi na miezi. Kitandani hapo ndipo kijana alipozama kwenye kuchora, na zaidi ya yote alichora farasi, kile alichonyimwa.

Sasa tuzungumze kuhusu mifupa yenyewe. Baba na mama wa Henri walikuwa mtu na binamu yake. Bibi zake wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Tena mjomba wake alimwoa shangazi yake, na katika nyumba hiyo nayo walizaliwa watoto wengi, baadhi yao wakiwa wafupi kupita kawaida. Ukiona jambo linajirudia katika ukoo namna hiyo, daktari hatafuti mchawi, anatafuta urithi.

Wakati huo hakuna aliyeujua ugonjwa huo. Mwaka 1962 ndipo madaktari wawili wa Ufaransa, Maroteaux na Lamy, walipoueleza ugonjwa wa kurithi unaoitwa piknodisostosisi, na miaka mitatu baadaye wakaandika kwamba huenda ndio uliompata Lautrec. Wapo wanaotaja magonjwa mengine ya mifupa, lakini jibu hilo ndilo linalokubaliwa na wengi. Kinachotokea ni hiki. Mfupa ulio hai unabomolewa na kujengwa upya kila siku, kidogo kidogo, kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila baada ya masika. Mwenye ugonjwa huu hana kimeng'enya kinachosaidia kubomoa mfupa wa zamani. Ujenzi unaendelea bila ubomoaji, mfupa unakuwa mzito na mnene kwenye picha ya eksirei, lakini unakatika kirahisi kama chaki. Utosi huchelewa kufunga, taya huwa dogo, kimo hubaki chini.

Ili mtoto aupate, lazima arithi kasoro ya kinasaba kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, nao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mwenye ugonjwa. Wazazi wenye damu moja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kasoro ileile, ndiyo maana ndoa za binamu zinatajwa sana hapa, ingawa hata wasio ndugu wanaweza kukutana nayo. Ualbino nao hurithiwa kwa njia hiyohiyo. Nadhani mtu wa Kanda ya Ziwa au wa Tabora hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini naona ni muhimu kulisema hilo waziwazi, baada ya yote tuliyoyashuhudia.

Siwezi kukuambia kupitia gazetini kwamba kijana wako ana ugonjwa huu. Yapo maradhi kadhaa yanayofanya mifupa ivunjike ovyo, mengine yanatibika kwa dawa na lishe. Ila shika jambo moja: piknodisostosisi yenyewe haimzuii mtu kufikia uzee. Henri alikufa akiwa na miaka 36. Hakuuawa na mapaja.

Aliyemfungulia njia ya uchoraji alikuwa René Princeteau, rafiki wa familia, mchoraji stadi wa farasi ambaye alizaliwa kiziwi. Napenda sana sehemu hii ya habari yake: kiziwi anamshika mkono mlemavu wa miguu na kumpeleka kwenye sarakasi. Ilikuwa Paris, kwenye Cirque Fernando, jengo la sarakasi lililokuwa katika kitongoji cha Montmartre. Watu walikaa kwa mzunguko, kama mnavyokaa nyinyi kuwazunguka Wayeye, na katikati farasi walikimbia duara, wanawake wakisimama juu ya migongo yao, wengine wakining'inia kwenye bembea juu darini. Watu waliofanya kwa miili yao yale yote ambayo mwili wa Henri ulikataa.

Hakuwa peke yake mle ndani. Wachoraji wakubwa wa zama zile walikuwa wakienda Fernando na madaftari yao. Mwaka 1879 Degas alimchora Miss La La, chotara aliyepandishwa hadi karibu na dari akiwa ameuma kamba kwa meno. Mwaka huohuo Renoir aliwachora wasichana wawili wa sarakasi wakiokota machungwa waliyotupiwa na watazamaji. Seurat alikufa Machi 1891, akiwa na miaka 31, picha yake kubwa ya sarakasi ikiwa haijakamilika. Aliondoka kwa maradhi ya ghafla ambayo wengi wanadhani yalikuwa dondakoo, na mwanawe mchanga akamfuata baada ya wiki mbili hivi. Dondakoo leo mtoto anachanjwa kliniki kabla hajaanza hata kukaa vizuri. Nimechepuka, lakini safu hii ni ya afya na nafasi kama hiyo siiachi ipite.

Picha kubwa ya sarakasi ya Lautrec aliichora mwaka 1887 hadi 1888, na sasa iko Chicago. Mwanamke ameketi juu ya farasi mnene anayezunguka ulingo, msimamizi mwenye kiboko anamtazama. Mchoraji hakumpamba mtu. Farasi anaonekana kwa nyuma, makalio yote. Mwanamke ana uso wa mtu aliye kazini. Moulin Rouge, ukumbi wa dansi uliofunguliwa 1889, ulipouanza usiku wake wa kwanza, picha hiyo ilikuwa imetundikwa mle. Mwaka 1891 akauchorea ukumbi huo bango la matangazo, likabandikwa mitaani, na ghafla Paris nzima ikamjua.

Alimchora pia Cha-U-Kao, mwanamke mchekeshaji wa sarakasi, akiwa nyuma ya jukwaa, mnene, anahangaika na vazi lake, hakuna wa kumpigia makofi. Alimchora Rafael Padilla, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Cuba, ambaye Paris ilimjua kwa jina la Chocolat. Padilla alipata umaarufu akiigiza na Mwingereza aitwaye Footit, na sehemu kubwa ya kichekesho ilikuwa Footit anampiga, ukumbi unacheka. Lautrec alipomchora mwaka 1896 hakumchora akipigwa. Alimchora yuko baa, kazi imekwisha, anacheza peke yake, mkono mmoja juu, kwa madaha ya mtu huru. Padilla alikufa Bordeaux mwaka 1917, maskini.

Nafikiri Lautrec aliielewa hali ile kwa sababu na yeye alikuwa akichekwa. Alijifunza mapema kuwatania watu kabla hawajamtania. Alivaa mavazi ya ajabu, akasimulia vituko, akawa kipenzi cha kila meza. Na kipenzi cha kila meza hunyweshwa kila meza.

Mama, hapa ndipo mwanao alipo.

Alianza kwa mvinyo, kama Wafaransa wote wa daraja lake. Kisha akaingia kwenye absinthi, pombe kali ya kijani inayotiwa pakanga, ile mmea chungu inayotajwa kwenye Biblia. Chupa ya absinthi ilikuwa na kilevi cha kati ya asilimia 45 na 74, yaani sawa na gongo kali au kuizidi. Akaichanganya na konyaki. Wakati huo watu waliilaumu pakanga, na Ufaransa ikaipiga marufuku absinthi mwaka 1915, lakini siku hizi wataalamu wanaamini kwamba mhalifu mkuu alikuwa kilevi chenyewe kwa wingi wake. Badili jina la kinywaji, ini halitambui tofauti. Sisi tulipopiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, walevi wengi walihamia kwenye chupa.

Kuna jambo la kimo pia ambalo watu hawalifikirii. Kilevi husambaa kwenye maji ya mwili. Mwili mdogo una maji kidogo, kwa hiyo glasi ileile ambayo mwanamume wa kilo 80 anaikojoa na kwenda zake, kwa mtu mfupi inapanda mara mbili. Wanaomjazia mwanao kikombe sawa na chao wanamtilia zaidi ya wanavyojitilia wenyewe.

Kufikia mwaka 1897 na 1898 Lautrec alikuwa amechakaa. Alikuwa na kaswende, ambayo wakati ule haikuwa na tiba ya kueleweka. Leo ni sindano ya penisilini. Mikono ilitetemeka. Akaanza kuona maruweruwe na kuamini kwamba anafuatiliwa. Januari 1899 mama yake, aliyekuwa akiishi karibu naye Paris, alishindwa akaondoka kurudi Albi. Wapo wanaomlaumu Adèle kwa hilo. Mimi simlaumu, nimeona wazazi wengi wakifika mahali pale. Mwishoni mwa Februari Henri akapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili ya Neuilly, nje kidogo ya Paris, milango ikafungwa na chupa zikaachwa nje.

Siku za mwanzo za kukatishwa pombe ni ngumu mno. Kisha ukungu ukaanza kuondoka. Henri akaogopa kwamba hatatoka tena, akaomba karatasi, chaki na penseli za rangi. Pale Neuilly hakukuwa na farasi wa kuchezeshwa, hakukuwa na bembea, hakukuwa na mchekeshaji. Alichora sarakasi yote kwa kumbukumbu. Picha 39 katika muda wa wiki kumi na moja hivi: wapanda farasi, dubu, tembo, mbwa wenye kofia, wasichana wa kamba, Footit na Chocolat. Viti vya watazamaji karibu vyote ni vitupu, na wanaozitazama picha hizo hutokwa na baridi kwa sababu hiyo. Lakini angalia mistari. Mguu wa farasi umeinama palepale panapopaswa, kivuli kimekaa, mkono haukutetemeka. Aliwatengenezea madaktari cheti cha akili timamu kwa njia pekee aliyoijua, nao wakaridhika. Mei 17, 1899 akatoka, na alipenda kuwaambia rafiki zake kwamba uhuru wake ameununua kwa michoro.

Ukiniuliza sarakasi ya Lautrec inamhusu nini mtu wa Ziba, nitakuonyesha hizo picha 39. Zilichorwa na mtu yuleyule, mwenye mapaja yaleyale na kaswende ileile. Kilichokuwa kimebadilika kwa wiki zile ni glasi tu.

Baada ya kutoka familia ilimwekea mtu wa kumchunga, Paul Viaud, asiguse pombe. Kwa muda ilisaidia. Lakini alirudi Paris, kwenye meza zilezile na kwa marafiki walewale. Inasimuliwa kwamba bakora yake ilikuwa na uwazi ndani na humo alificha kinywaji. Majira ya baridi ya mwaka 1900 kwenda 1901 miguu ilipooza kwa muda. Pombe huua neva za miguu taratibu, kwanza ganzi, kisha udhaifu. Agosti 1901 akapatwa na kiharusi akiwa pwani, huko Taussat. Mama alimfuata akampeleka nyumbani kwake Malromé, na huko akafariki Septemba 9, 1901.

Adèle aliishi hadi mwaka 1930. Kazi za mwanawe, ambazo wengi wa ukoo ule waliziona aibu, alizitoa kwa mji wa Albi, na mwaka 1922 zikafunguliwa makumbusho ambayo yapo mpaka leo. Ukuta wako wa jiko, mama, usiupake chokaa kabla hujaupiga picha kwa simu.

Sasa majibu. Kuhusu mifupa, kutoka Ziba hospitali ya Nkinga haiko mbali. Mpeleke apigwe eksirei ya miguu, taya na kichwa, na uwaambie idadi ya mivunjiko na jinsi kila mmoja ulivyotokea. Waambie pia kama wewe na baba yake mna undugu, bila aibu. Miguu iliyokwisha kukoma kukua hairudishwi na dawa ya kuchanja wala ya kunywa, usiuze ng'ombe kwa anayekuahidi hivyo. Akivunjika tena, asikandwe na asifungwe mti kwa kubanwa. Nimeona vidole vikiwa vyeusi kwa kamba iliyokazwa usiku mmoja. Mtulize mguu ulivyo, mpeleke akafungwe hogo hospitali.

Kuhusu pombe, usimfungie chumbani ili aache ghafla. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mwili wake umekwisha kuzoea, na kukatisha kwa ghafla nyumbani kunaweza kumletea degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na maruweruwe, homa na mapigo ya moyo ya kasi kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua. Hospitalini atapewa dawa ya kutuliza kwa siku chache na vitamini B1, ambayo hulinda ubongo wa mnywaji. Mpaka siku ya safari asiongeze, asikatishe kwa mkupuo.

Wale wanaume wa kilabu ongea nao, au umtume baba yake au mzee wanayemheshimu. Waambie tu kilichoandikwa hapa kuhusu kikombe na mwili mdogo. Wengine hawajui.

Na mkifika kwa daktari, hesabu ya vikombe aitaje yeye mwenyewe, wanzuki vingapi na gongo vingapi kwa siku, na lini alikunywa mara ya mwisho, saa ngapi. Kiasi cha dawa atakayopewa kinategemea hesabu hiyo, kwa hiyo asipunguze hata kimoja.